Lijamu la Nondo

Hunde Bayisa alikuwa na mambo mawili ya kujivunia katika mji wa Gora Dima: gari lenye mbio kuliko yote kituoni, na mjeledi wa ngozi ya kiboko ambao watu waliutambua mlio wake kabla hawajamwona mwenyewe. Gari huku ni lile la kukokotwa na farasi, magurudumu mawili na viti vya watu watatu, ingawa abiria wa tano akipanda hakuna wa kumshusha. Yalikuwepo magari ishirini na manne mjini, na Hunde ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wenye magari. Farasi wake aliitwa Bora. Kwa lugha ya huko jina hilo hupewa mnyama yeyote mwenye paji jeupe, wala si sifa. Na hata kama lingekuwa sifa, Hunde hakuwa mtu wa kumsifia mnyama.

Daktari Senedu alipofika kituoni siku ya gulio, madereva walidhani amekuja kuchanja. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira za kijani, na kwapani alikuwa na daftari lililofunikwa nailoni. Alisema anatoka chuo cha mifugo cha mji wa ziwani, na kazi yake ni kuchunguza jinsi wanyama wa kazi wanavyoishi na watu wao.

"Sindano iko wapi?" aliuliza Gobana, dereva ambaye meno yake mawili ya mbele aliyaacha kwenye kwato za farasi wake mwenyewe.

"Sina sindano. Nimekuja na mkono tu," Senedu alisema, akauonyesha. "Nitamwendea kila farasi polepole, nimnyooshee mkono hivi, halafu niandike anavyofanya. Kisha mwenye farasi naye afanye vilevile."

"Uandike anavyofanya nani? Farasi?"

"Farasi, Obbo Gobana," alisema, akimwita Bwana kwa lugha ya huko. "Wewe nitakuandika siku nyingine."

Kituo kizima kikaangua kicheko, na kuanzia hapo wakampisha afanye kazi yake. Akapita farasi kwa farasi. Wengi waligeuza vichwa pembeni. Wengine walirudi nyuma hatua mbili tatu. Mmoja alitaka kumng'ata. Yeye aliandika tu, bila kusema kitu, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikomkera Hunde.

"Hao wanakuogopa wewe kwa sababu ni mgeni," alisema akishuka garini. "Mnyama anamjua bwana wake. Tazama."

Akamwendea Bora mbele ya watu wote, mkono ameunyoosha kama alivyoelekezwa. Alikuwa hajafika hata karibu Bora alipoinua kichwa juu, macho yakamtoka, masikio yakalala. Akarudi nyuma. Hunde akaongeza hatua, Bora naye akazidi kurudi, na gari likarudi pamoja naye mpaka gurudumu likapanda kwenye kibanda cha Adde Shashe, yaani Bibi Shashe, muuza kahawa, vikombe kumi na viwili vikaenda chini kwa mpigo.

"Wewe Hunde!" Adde Shashe alipiga yowe. "Si ungekuja kunywa kama watu wengine!"

"Mwenyekiti kakataliwa hadharani!" Gobana alikuwa amejishika mbavu. "Afadhali mkeo, yeye anakukatalia ndani!"

Hunde alisimama pale mkono ungali mbele yake, kama mtu aliyesahauliwa na aliyekuwa akimsalimia. Kisha akamgeukia Senedu.

"Umeandika nini?"

"Sifuri."

"Futa."

"Siwezi, Obbo Hunde. Nimeandika nilichokiona. Ukitaka niandike kingine, nionyeshe kingine."

"Nipe mwezi mmoja."

"Chukua mitatu," Senedu alisema, akafunga daftari. "Mmoja hautakutosha."

*

Habari ilimtangulia nyumbani. Lomi, mkewe, alikuwa mlangoni akipepeta ngano, na alipomwona akainamisha uso kwenye ungo ili asicheke.

"Cheka tu," Hunde alisema. "Usije ukapasuka."

"Sicheki, Baba Sifan. Nimeingiwa na vumbi."

Jioni ile ile Hunde alichota shayiri, akaenda zizini kumfundisha farasi kumpenda. Aliweka shayiri kiganjani, akasimama kifua mbele, akangoja. Bora alijibana kwenye ukuta wa mwisho. Hunde akaita kwa upole, mara ya pili kwa upole kidogo, mara ya tatu akatukana. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Juma zima likapita. Mnyama aliila ile shayiri kwenye ndoo Hunde akishaondoka, si kabla.

Lililomuuma zaidi aliliona siku ya nane. Lomi aliingia zizini na fagio, hakumtazama farasi wala kumwita, akawa anafagia huku anaimba. Bora akamfuata nyuma, akamwekea pua begani, na Lomi akaisukuma kwa kiwiko kama mtu anayemsukuma mtoto msumbufu.

"Tangu lini?" Hunde aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini anakufanyia hivyo?"

Lomi akaacha kufagia. "Miaka yote. Wewe hujawahi kuingia humu bila kamba mkononi, ungejuaje? Unamkaribia kama askari anayekwenda kukamata mtu. Na ile shayiri, hata ukimpa, atatafunaje? Umewahi kumtazama kinywani?"

Miaka minne Hunde alikuwa na farasi yule. Alizijua kwato zake, alijua mapigo ya mwendo wake kwenye lami na kwenye matope. Kinywani hakuwahi kumtazama.

Lomi akamshika Bora kichwa, akamnong'oneza, akaifunua midomo taratibu. Ulimi ulikuwa na mfereji katikati ambao ungeweza kulaza penseli ndani yake. Pembeni, pale lijamu linapokaa, nyama ilikuwa mbichi, na chini ya nyama ile Hunde aliona kitu cheupe ambacho alitumaini ni meno. Hakikuwa meno, ulikuwa mfupa. Alikumbuka jinsi Bora alivyopinda kichwa wakati wa kula na kuangusha majani, na jinsi yeye alivyokuwa akimwita mdekaji.

Alichukua lijamu ukutani, akatoka nalo mkononi, akaenda moja kwa moja kwa Irko mhunzi.

"Nani alitengeneza hili?"

Irko aliligeuza, akalitambua papo hapo. Lilikuwa kipande cha nondo ya kujengea, kimekunjwa na kuachwa na matuta yake makali yote. "Mimi. Kwa agizo lako. Ulisimama hapo hapo uliposimama ukaniambia, 'Irko, nipigie kitu kitakachomkumbusha mimi ni nani.' Nikakupigia."

Hunde alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, asipite kituoni.

*

Asubuhi alimfunga Bora kamba shingoni, akamwongoza kwa miguu mpaka mji wa ziwani, mwendo wa saa nne. Alikuwa amejiandaa kusimangwa. Daktari Senedu alipomfungua farasi kinywa alivuta pumzi, kisha akasema tu, "Nishikie ulimi, usivute," akaanza kusafisha. Hunde aliushika ulimi ule, wenye joto, unaotetemeka, mpaka kazi ikaisha.

"Lile sifuri bado lipo?" aliuliza baadaye wakinawa mikono.

"Lipo."

"Sikuja kwa ajili ya hilo."

"Najua," Senedu alisema. "Wa sifuri wengine hawakuja kabisa."

Akamwambia asimtie farasi chuma kinywani tena. Hunde akauliza ataendeshaje, na nyumbani watoto watano wanakula nini kama gari limelala. Senedu akaleta mpira wa ndani wa tairi la lori na mshipi wa turubai, akamwonyesha jinsi ya kushona kamba ya kichwani inayokaa juu ya pua, ikielekeza kwa kubonyeza bila kukata. "Utamfundisha upya," alisema. "Na yeye atakufundisha wewe. Sijui nani atakuwa mzito zaidi."

Kituoni walimwona na ile kamba wakashika vichwa. Gari lenye mbio kuliko yote sasa lilitembea kama msafara wa maziko. Hunde alikuwa akishuka kila kilima, akatembea kando ya Bora, mkono mabegani mwake. Mjeledi alikuwa ameutundika nyumbani darini. Abiria waliokuwa wakimgombania walianza kupanda kwa Gobana.

"Obbo Hunde," walimtania, "lini harusi? Tuje na nini?"

"Njooni na shayiri," alijibu. "Bi harusi hapendi kelele."

Alijifunza kuingia zizini mikono mitupu. Mwanzoni alikaa tu kwenye kigoda, akisuka kamba au akimenya vitunguu vya Lomi, mgongo ameuelekeza kwa farasi. Alijihisi mjinga. Zikapita siku kumi na tano, zikapita ishirini. Asubuhi moja ya mvua ya kwanza, akiwa ameinamia kitunguu, alihisi pumzi ya moto kwenye kisogo, kisha uzito. Bora alikuwa ameegesha kidevu chake begani, pua ikitikisika, macho nusu yamefumba. Hunde hakugeuka. Alibaki na kisu hewani mpaka mkono ukafa ganzi. Lomi alipokuja kuulizia vitunguu alimkuta mumewe mashavu yamelowa.

"Vitunguu hivi vikali," Hunde alisema.

"Ndiyo," Lomi akajibu. "Vya mwaka huu vikali kweli."

*

Katikati ya mvua kubwa likatokea la kutokea. Farasi wa Gobana alishtuka darajani, akatimua mbio na gari likiwa na watu watano, akalipindua kwenye mfereji. Mwanamke mmoja alivunjika mtulinga. Gobana alitoka na michubuko, lakini alitetemeka siku mbili.

Msimamizi wa barabara za mji alikuwa Ato Bekure, yaani Bwana Bekure, mtu mtaratibu wa kofia ya kijivu, ambaye hakuwahi kumpigia mtu kelele. Aliwaita madereva ofisini, akawasomea karatasi: mvua zikiisha, hakuna gari la farasi litakaloruhusiwa kukanyaga lami. Bajaji zitachukua nafasi.

"Sina ugomvi nanyi," alisema. "Lakini wanyama wenu wana vidonda, wanachechemea, na sasa wanapindua watu. Niwaeleze nini ndugu wa yule mama?"

Bila lami hakuna kazi. Kila mtu alilijua hilo. Nje ya ofisi madereva walifura. Mmoja alitaka wagome, mwingine alitaka waifunge barabara kwa mawe, na wa tatu alikuwa ameshalishika jiwe.

"Weka chini," Hunde alimwambia. "Leteni farasi wa Gobana."

"Wa nini?"

"Leteni tu."

Walipomleta, Hunde alimsimamia mpaka mnyama akatulia. Ikachukua muda, na wenzake walishangaa kumwona mwenyekiti wao, yule yule, akisimama bila haraka kwenye mvua kama mtu anayengoja kivuko. Kisha akafunua midomo. "Njooni mtazame. Wote. Gobana, wewe kwanza."

Gobana alichungulia. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu hakushtushwa na kitu darajani," Hunde alisema. "Ulivuta hatamu akakimbia maumivu. Mimi wangu alikuwa hivi hivi, na pengine vibaya zaidi, maana mimi ndiye niliyeagiza chuma kikali. Sasa Ato Bekure anauliza, mnyama asiyeshikika anafanya nini barabarani? Tuna jibu? Tukitupa mawe tutakuwa tumemjibu yeye, au tumemsaidia?"

Maji yalichuruzika kwenye kofia zao.

"Mimi sitaki kusikia habari za kumwimbia farasi nyimbo," alisema dereva mmoja mwenye mabega mapana.

"Hakuna wa kukusikiliza ukiimba, hata farasi," Gobana alisema. Kisha akamgeukia Hunde. "Nianzie wapi?"

Walianza na lijamu. Yalikusanywa ishirini na matatu ya nondo, ya waya, na moja lililotengenezwa kwa mnyororo wa baiskeli, yakatupwa kwenye tanuri la Irko, naye akayafua kuwa vitasa vya milango, na kila dereva akashona kamba ya puani kama ya Hunde. Lomi akawaita wake wa madereva, wakashona vitambaa vya kuweka chini ya matandiko, magunia yaliyojazwa sufu ya kondoo ili mgongo usichubuke. Daktari Senedu alikuja kila Alhamisi na dawa na daftari lake. Adde Shashe alisogeza kibanda chake hatua sita, ili mbele yake pajengwe birika la maji, na wala hakukumbushia vikombe, isipokuwa mara tatu au nne kwa siku.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa abiria. Madereva waliapa kupakia watatu tu.

"Mimi na mwanangu na mbuzi wangu ni mtu mmoja," mama mmoja alibisha akiwa ameshakaa.

"Mama, mbuzi wako mkubwa kuliko wewe."

"Basi mhesabu yeye, mimi nimsindikize!"

Yapo magari yaliyorudia ya zamani, na Hunde aliyafuata mpaka nyumbani. Wapo waliomtukana. Dereva wa mabega mapana alimkunja shati mara moja. Lakini yule yule, mwezi wa pili, alionekana nyuma ya soko akimkuna farasi wake chini ya masikio na kumwambia maneno ambayo, kwa kadiri ya waliosikia, yalikuwa na vina.

*

Mvua zikaisha, maua ya manjano yakajaa kando ya njia. Baraza la mji likakubali kuwasikiliza wenye magari kabla ya kuwafungia lami, na kwa kuwa ofisi isingetosha farasi ishirini na wanne, wakakutana uwanja wa mpira. Ilikuwa siku ya gulio. Watu waliacha viazi vyao na kuku wao, wakaja kuuzunguka uwanja wote, na wanafunzi wakapanda juu ya magoli.

Daktari Senedu alisoma kwanza. Alipowafungua vinywa mara ya kwanza, farasi ishirini na mmoja kati ya ishirini na wanne walikuwa na vidonda kinywani. Leo wanne, na vidonda vyao vinapona. Kisha akaingia uwanjani na buti zake za kijani, akamwendea kila farasi na mkono wake, na baada yake akaenda mwenye farasi. Kumi na tisa hawakurudi nyuma. Farasi wa Gobana alimlamba Gobana usoni, pale pale penye pengo, na uwanja ukacheka mpaka kunguru wakaruka.

Ato Bekure alinyanyuka. Hakucheka, ila hakuwa na uso mbaya.

"Nimeona, na nimefurahi," alisema. "Lakini hapa ni uwanjani. Pametulia, pana majani. Barabarani kuna malori na honi. Na Obbo Hunde ameniambia farasi wake hana chuma chochote kinywani. Kwangu mimi hilo ni hatari kuliko vidonda."

Watu walinong'ona. Lilikuwa neno la haki. Miguu ya Hunde ilikuwa imeshaanza kutembea.

"Leteni lori la maji," alisema.

"Hunde!" Lomi aliita kutoka pembeni.

"Leteni lori."

Lori la maji la baraza lilikuwa limesimama langoni. Dereva wake aliliingiza taratibu, akalileta nyuma ya gari la Hunde, karibu kiasi cha Bora kuhisi joto la injini. Hunde alikaa kitini, hatamu amezilegeza mapajani. Akainua mkono. Dereva wa lori akabana honi, akaing'ang'ania.

Watoto waliokuwa golini waliziba masikio. Farasi watano waliokuwa kando walirukaruka, wenyewe wakawatuliza. Bora alitetemeka mwili mzima, kuanzia shingoni mpaka mkiani, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Akainua kichwa. Miguu ya mbele ikapanda na kushuka pale pale. Sikio moja likageuka nyuma, si kwa lori, kwa Hunde.

"Niko hapa," Hunde alimwambia, sauti ya chini kabisa, sauti ya zizini. "Niko hapa, baba. Hakuna kitu."

Honi ikanyamaza. Bora alipuliza pua kwa nguvu. Hakuwa amesogea hata urefu wa unyayo.

Pale Hunde angeweza kuacha, na angekuwa ameshinda. Mwenyewe hakujua kilichomshukia. Aliteremka, akamfungua Bora kutoka kwenye gari, akavua matandiko, akavua ile kamba ya kichwani, akaitupa garini. Mnyama akabaki mtupu kama siku aliyozaliwa, katikati ya uwanja usio na ua, na lango liko wazi.

"Huyu mtu kachanganyikiwa," mjumbe mmoja wa baraza alisema.

Hunde aligeuka, akampa farasi mgongo, akaanza kutembea kuelekea upande wa pili. Majani yalikuwa marefu, yamelowa, hakusikia kwato. Alihesabu hatua. Kumi. Ishirini. Alimwaza Bora akilitazama lango, na nyuma ya lango mashamba ya shayiri yaliyoiva mpaka mlimani, na akafikiri, akienda nitamwelewa. Thelathini. Alitaka kugeuka kiasi cha shingo kumuuma. Uwanja mzima ulikuwa kimya, ule ukimya wa watu wengi unaotisha kuliko kelele. Hatua ya arobaini na tatu Adde Shashe akapiga kigelegele, kimoja, kirefu, kikapasua anga, na kabla hakijaisha Hunde alihisi pumzi ya moto kwenye kisogo chake.

Akasimama. Bora naye akasimama. Kisha kidevu kikatua begani.

Kilichofuata hakuna aliyeweza kukieleza vizuri baadaye. Vigelegele vilitoka pande zote, kofia zikaruka, wanafunzi wakaanguka kutoka golini wakainuka wakicheka. Gobana alikuwa anamkumbatia yule dereva wa mabega mapana, wote wawili wanalia, wote wawili wakikana. Wajumbe wa baraza waliinamiana vichwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Ato Bekure akavua kofia yake ya kijivu, akasema lami ni ya farasi vilevile. Kila farasi atakaguliwa na daktari mara nne kwa mwaka, gari litavaa namba, na farasi atakayeshindwa atapumzika mpaka apone. Na akaongeza, kwa kuwa madereva wote watafunzwa, na mafunzo sharti yawe na mwalimu, baraza linamtaka Obbo Hunde Bayisa.

"Mwalimu?" Hunde alimuuliza Senedu. "Mimi sijui hata kusoma hilo daftari lako."

"Mimi nitasoma," Senedu alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe utawaonyesha."

Waliondoka uwanjani kwa msafara, magari yote ishirini na manne, wakashika barabara kuu katikati. Senedu na mama aliyevunjika mtulinga walikalishwa kwenye gari la Hunde, lililotangulia, Bora akiwa amefungwa tena, mama yule akipunga mkono mzima kama malkia. Hunde hakupanda. Alitembea kichwani pa Bora, mkono mabegani mwake, na nyuma yao malori mawili na bajaji saba zikajipanga zikafuata kwa mwendo wa farasi, kwa kuwa hapakuwa na pa kupita.

Zamani katika nchi ile, shujaa hakuitwa kwa jina alilopewa na baba yake. Aliitwa Abba, yaani baba wa, kisha jina la farasi wake aliyempanda vitani, na wanawake walimwimbia kwa jina hilo arudipo. Desturi ile ilikuwa imebaki kwenye nyimbo tu; hakuna aliyeikumbuka kwa mtu wa gari la kukodi. Msafara ulipofika sokoni, Adde Shashe alipanda juu ya benchi lake, aproni imejaa masizi, akaweka mikono mdomoni.

"Abba Bora!" aliita. "Abba Bora anapita!"

Watu wakatazamana. Kisha muuza viazi akaitikia, na muuza kuku, na mabinti wa kisimani, na baada ya muda soko lote lilikuwa linaimba jina hilo kwa mapigo, makofi na miguu chini. Hunde alijaribu kuinamisha uso, akashindwa. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kama mtu aliyetua mzigo mbele ya mlango wake, huku Bora akinyoosha shingo kumwelekea muuza viazi, kuona kama ana chochote cha kugawa.

"Mpeni!" Hunde alipiga kelele. "Mpeni, mimi nimeshashiba!"